Doa la Chuma Kitupu

Usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya doa. Lilikuwa doa la chuma kitupu, dogo kama kifuniko cha soda, chini ya lori la Baba, na jioni yake nilikuwa nimelipaka rangi nyeusi mara tatu. Nililalia ubavu huu, nikageukia ule. Kutu haili chuma kwa umbo la duara, nilijiambia. Sasa mbona doa lile lilikuwa duara, tena safi? Lilikuwa doa la kupakwa, au kuna mtu alilitaka libaki vilevile?

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu hapa Migori alipaka lango lake rangi ya mafuta. Harufu iliingia dirishani nikiwa naandika upya, kwa mara ya sita, barua ya kuomba kazi ambayo sijaituma mpaka leo. Wenzangu niliomaliza nao chuo wanadhani tabia hii ya kuchambua kila kitu hadi kinabaki unga niliitoa darasani. Harufu ile iliponifikia nilicheka peke yangu. Niliitoa chini ya lori, nikiwa na miaka tisa, Uriri.

Tulikuwa tunahama. Baba alikuwa na lori dogo kuukuu ambalo lilibeba saruji leo na miwa kesho, na alikuwa ameamua twende Sindo, ziwani, abebe omena, dagaa wa huko. Kuhama kwenyewe hakukuwa shida. Shida ilikuwa kuku wa Mama.

Kuku hao walitoka kwa nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi Waluo tunamwita Dani. Mama alipoolewa, Dani alimpa matembe wawili na jogoo mmoja, na tangu hapo hakuna kuku wa kununua aliyewahi kukanyaga boma letu. Dani alikuwa ameshatutoka. Halafu kideri kikaja, na kwa siku nne banda likawa kimya. Kilichobaki ni mayai sitini ambayo Mama alikuwa ameyakusanya kabla ya ugonjwa, akayaweka kwenye mashine yake ya kutotolesha, sanduku la plastiki lenye dirisha dogo juu na taa nyekundu ubavuni. Taa ikiwaka, ujue ndani kuna joto. Mayai yale yalikuwa ukoo mzima. Na siku ya kuhama, kwa hesabu ya Mama, ilikuwa siku yao ya kumi na tisa. Nyumba ya Uriri ilishapata mpangaji mwingine. Nyumba ya Sindo isingekuwa na stima mpaka Jumatatu. Mayai hayakujua lolote kuhusu mipango hiyo. Yangepasuka kati ya Jumamosi na Jumapili, tutake tusitake.

Ndipo akaitwa Nera. Nera ndivyo tunavyomwita kaka wa mama, naye huniita Okewo, mtoto wa dada, na kati ya mjomba na okewo utani hauna mpaka. Alikuwa fundi wa umeme wa magari Migori mjini, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo alisema yanamsaidia kusikia fyuzi ikifikiria kuungua. Alifika Alhamisi na mkoba wa vifaa na kisanduku cha bati chenye mbavu kama kreti. Akatueleza kwamba kile ni inverta: unaipa stima ya betri ya lori, inakurudishia stima kama ile ya ukutani.

Baba aliizunguka mara mbili. "Omera, ndugu yangu, hiki kikopo ndicho kitalea mayai sitini?"

"Kitalea mayai," Nera akasema, "na ukikiomba vizuri kitakunyoa ndevu. Lakini hii ni ya volti ishirini na nne kama lori lako. Usije ukaazima ya jirani ya kumi na mbili, utaniita nije kuchukua majivu."

Wakati Nera anafanya kazi kwenye kibanda cha dereva, mimi nilikuwa na kazi yangu. Baba alikuwa ameniteua kuwa mpaka rangi. Alisema upepo wa Sindo hula chuma kama mtu anavyokula omena, kuanzia kichwani hadi mkiani, bila kubakisha mfupa. Kwa hiyo wiki nzima tulikuwa tukikwangua kutu kwenye mbavu za lori na kuzipaka, na sheria ya Baba ilikuwa moja: chuma kitupu kisilale nje. Popote utakapoona panang'aa, paka. Nilikuwa mdogo wa kutosha kupita chini ya lori bila kuinama sana, na nilijivuna kwamba hakuna mtu mzima aliyeweza kuona nilichokiona mimi.

Nera alipokwenda ndani kunywa chai, nilipita chini ya lori na kopo langu na brashi. Nyuma ya kibanda cha dereva, kwenye ule mhimili mrefu wa chuma unaobeba lori zima, nikaliona. Duara linalong'aa, katikati yake tundu. Niliona uso wangu ndani yake, umepinda. Nikadhani Baba amelisahau. Nikalipaka. Nikangoja. Nikalipaka tena, kwa sababu tabaka la kwanza lilionekana jepesi. Mara ya tatu nilifanya kwa upendo tu.

Mawingu yalikuwa yameshakusanyika upande wa Kuria. Nera alitoka mbio, akampa Baba boliti na ncha ya waya mweusi, akamwambia aufunge kwenye tundu lililo nyuma ya kibanda, yeye akimbilie kufunga inverta kabla ya mvua. Baba alilala chali, akafunga, akakaza, akatoka akijipangusa. Alisema binti yake ameupaka ule mhimili hadi mtu anaona aibu kuugusa. Nilifurahi sana. Nera akachomeka balbu kwenye inverta, ikawaka, sote tukapiga makofi. Mvua ikaanza. Na nilipoingia kitandani, badala ya kufurahi, nikaanza kufikiria lile duara.

Ningeweza kuuliza asubuhi. Sikuuliza. Balbu si iliwaka? Mtu hawezi kwenda kwa watu wazima walioshughulika na makochi na kuwauliza kama doa ni doa.

Tuliondoka Uriri Ijumaa, saa nne asubuhi, baada ya kitanda cha wazazi wangu kukataa kupita mlangoni kilipopitia kuingia. Mbele tulikaa Baba, Mama, mimi, na mashine ya mayai ikiwa imefungwa mkanda wa kiti kama abiria. Nera alikaa nyuma juu ya mizigo, kwenye kochi letu, akitazama tulikotoka, amekunja miguu kama mgeni rasmi. Watu wa barabarani walimpungia mkono naye akawapungia.

Tulikuwa tunakaribia Awendo niliposikia: tii, tii, tii.

"Wametoka!" nilisema. "Mama, wanalia!"

Mama aliweka sikio juu ya sanduku na uso wake ukafunguka. Sijawahi kusahau uso ule. Baba akapunguza mwendo, akasema hata yeye anawasikia, wana sauti kali, lazima wengi ni majogoo. Tulifurahi hivyo kwa muda wa kama kilomita moja. Kisha sauti ikakatika yote kwa pamoja, jambo ambalo vifaranga hawalifanyi, na Mama akatazama ubavuni mwa sanduku. Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Waliokuwa wakilia hawakuwa vifaranga. Ilikuwa inverta, nyuma ya kiti, ikitangaza kwamba imeshindwa.

Baba alisimamisha lori Rongo na Nera akashuka kutoka kwenye kochi lake. Alichomoa mashine, akachomeka balbu. Ikawaka bila wasiwasi. Akatangaza kwamba inverta ni nzima, mashine ya dada yake ndiyo mbovu. Mama alibeba sanduku kama mtu anayebeba mtoto kwenda zahanati, akavuka barabara hadi kwa kinyozi, akaomba soketi. Kinyozi alichomoa mashine yake huku mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, na mteja mwenyewe, mzee mmoja mpole, akasema yeye anaweza kungoja, mayai hayawezi. Taa nyekundu ikawaka. Ilikaa imewaka robo saa nzima, mayai yakapata joto, mzee akatuombea heri, na Mama akarudi na sanduku akiwa ameinua kidevu.

"Mbovu ni nani?" akamuuliza Nera.

Basi Nera akaanza upya. Akabadilisha fyuzi. Akasugua vichwa vya betri na kuvimwagia maji ya moto. Akapima betri lori likinguruma: volti ishirini na saba, na kitu juu. Akapima kwenye inverta: vilevile. Akachomeka mashine. Taa ikawaka, ikahema kidogo, halafu tii, tii, tii, giza. Akachomeka balbu, nuru. Akasema hajawahi kuona inverta inayobagua.

Leo ninajua kilichokuwa kikitokea. Balbu ni mgeni mdogo, hula kidogo, na stima inayopenya kwa shida inamtosha. Kipasha joto cha mashine kinataka sahani kamili. Wakati huo sikujua. Nilichojua ni kwamba kila Nera alipolala chini ya lori, nilisogea karibu kusikiliza, na kila alipotoka bila kulitaja doa, nilifurahi, halafu nikaona haya kwamba nimefurahi.

Tulifika Homa Bay saa tisa na nusu, tukaegesha kwenye uwanja ulio karibu na soko, ziwa likionekana kati ya paa za mabati. Mama alikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chapati, akarudi na chupa tano za maji ya moto. Akazipanga kuzunguka sanduku, akafunika yote kwa blanketi. Kila baada ya muda aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa, akasogeza chupa moja karibu zaidi.

Nera sasa alikuwa anakimbizana na jua. Yeye na Mama ni Wasabato, na jua la Ijumaa likizama, spana ya Nera hurudi mkobani hata kama nati imebakiza uzi mmoja. Baba, ambaye alizaliwa Mkatoliki na hajawahi kuona sababu ya kubadilika, alimwambia asijali, Wakatoliki hawajambo kukaza boliti siku yoyote. Nera akasema ndiyo maana boliti zao hulegea Jumatatu. Walicheka, lakini Nera alitazama jua alipomaliza kucheka.

Alifungua waya mwekundu wote, kutoka kwenye betri hadi nyuma ya kiti, akaukagua kidole kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna kitu. Ndipo Baba akauliza kuhusu ule mweusi.

"Mweusi usiniulize," Nera akasema. "Pale nilikwangua mwenyewe kwa msasa mpaka nikaona meno yangu. Stima inaenda kwa waya mwekundu, inarudi nyumbani kupitia mwili wa lori, na mahali pa kurudia lazima pawe chuma kwa chuma. Hata rangi nyembamba kama ganda la kitunguu ingetosha kuiharibu. Mimi si mjinga, omera."

Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu la nyuma, nimeshika chapati. Chapati ikawa nzito.

Sasa, mtu mwingine angesema palepale. Mimi nilikwenda nyuma ya lori kufikiria. Nilifikiria kwamba huenda rangi yangu haikuwa na kosa, kwa sababu balbu iliwaka. Nikafikiria kwamba Baba ndiye aliyefunga boliti, kwa hiyo kosa, kama lipo, ni lake, na mtoto hawezi kumsingizia baba yake mbele ya shemeji. Nikafikiria kwamba nikisema na isiwe hivyo, watapoteza nusu saa kwa sababu yangu na jua litazama. Nikisema na ikawa hivyo, basi mimi ndiye niliyeua kuku wa Dani, wote sitini, kwa brashi, kwa upendo. Nilizipanga hoja hizo vizuri hata ungedhani ninalipwa. Na zote ziliishia mahali pamoja: nyamaza.

Nera alikuwa amepiga simu. Alikuwa akimgombeza rafiki yake wa Migori aliyemuuzia inverta, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia. Alimwambia amemletea bidhaa bandia, kwamba amemwaibisha mbele ya dada yake, na kwamba Jumapili atarudi na kumtupia kikopo chake mlangoni. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ikijitetea, ndogo, kama nzi ndani ya chupa. Mtu yule hakuwahi hata kuliona lori letu.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda cha dereva, mkono umo chini ya blanketi. Nilitaka aniambie kitu ambacho kingenifanya nisiseme. Nilitaka aseme hata wakifa tutanunua wengine.

"Njoo ushike," akaniambia.

Nikaingiza mkono. Plastiki ilikuwa vuguvugu, zile chupa zikiwa zimeanza kupoa.

"Dani hakuniachia shamba wala ng'ombe," Mama akasema. "Aliniachia hawa."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Afadhali angelia.

Sitawaficha, wasomaji wangu, kwamba vifaranga walitoka. Si wote, na wa mwisho alitoka Jumapili mchana akiwa amechoka kuliko sisi, lakini walitosha, na uzao wao unakula mahindi ya Mama hadi leo. Ninawaambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kusoma hadithi nikiwa na wasiwasi wa vifaranga. Lakini pale Homa Bay sikuwa na wa kuniambia, na jua lilikuwa limeshuka hadi kimo cha minazi michache iliyopandwa kando ya hoteli.

Niliamua kwanza kulimaliza jambo bila kusema. Nilichukua msasa kwenye mkoba wa Nera, nikapita chini ya lori. Boliti ilikuwa pale, waya mweusi umefungwa vizuri juu ya rangi yangu, na rangi yangu, lazima niseme, ilikuwa imekaa vizuri sana. Nilijaribu kuifungua boliti kwa vidole. Nikajaribu kwa kanga niliyojifunga kiunoni. Mkono wa Baba ulikuwa umekaza. Nikalala pale chini nikitazama kitu ambacho nilijua kinatengenezwaje, na ambacho nisingeweza kukitengeneza bila kumwita mtu.

Nilitunga maneno. Toleo la kwanza lilianza na sheria ya Baba kuhusu chuma kitupu. La pili lilianza na mvua. La tatu lilikuwa swali: Nera, hivi mtu akipaka mahali kwa bahati mbaya... La nne sikumbuki. Nikatoka chini ya lori nikiwa nayo yote manne, nikasimama mbele ya Nera, ambaye bado alikuwa na simu sikioni, na yote manne yakanikimbia.

"Nera," nikasema, "lile duara lako nililipaka rangi."

Akaishusha simu taratibu. Nzi aliendelea kunung'unika ndani yake.

"Lipi?"

"Pale pa waya mweusi. Nilidhani Baba amepasahau."

Nera alinitazama kwa muda ambao nimeupima mara nyingi tangu hapo, na sijawahi kupata urefu uleule. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Baba ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha akalazimika kuegemea gurudumu. Alisema jana alilala pale chini akiwa na boliti mkononi akamsifu mpaka rangi, akamsifu kabisa, kisha akafunga waya juu ya sifa zake. Mama alishuka kwenye ngazi. Akaniita kwa majina yangu yote matatu, jambo ambalo halikuwa na mwisho mwema nyumbani kwetu, halafu akanivuta, akanishika kichwa kwa nguvu zaidi ya kukumbatia na pungufu ya kupiga.

Nera alikuwa anaongea na simu. Alikuwa akisema pole, ndugu yangu, pole sana, bidhaa yako ni safi, tatizo ni kwamba dada yangu amezaa fundi. Kisha akakata, akachukua spana, na kwa mkono mwingine akanirudishia msasa nilioudondosha.

"Okewo, tangulia. Wewe ndiye unajua lilipo."

Tulilala chali bega kwa bega. Yeye akafungua boliti, akasogeza waya, akanionyesha kwa kidole. Nikaanza kukwangua. Unga mweusi ulinidondokea machoni na mdomoni. Kila nilipodhani imetosha, Nera alisema bado. Nilikwangua mpaka duara likarudi, kisha nikaendelea mpaka likang'aa kuliko alivyoliacha yeye, kisha nikasugua upande wa chini wa ile ncha ya waya pia, bila kuambiwa. Akafunga. Akanipa spana nimalizie mzunguko wa mwisho, na alipojaribu mwenyewe baadaye haikusogea.

Baba akawasha lori. Mama akachomeka mashine. Taa nyekundu ikawaka, na sisi wote wanne tukasimama kwenye mlango wa kibanda kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, tukisikiliza. Nera akasema tuhesabu hadi mia. Tukahesabu. Kwenye mia wao wakaacha, wakaanza kukusanya vifaa na kubishana nani atakaa kwenye kochi. Mimi niliendelea mpaka mia mbili.